Chapa za shaba au za mbao?

Kwa anayetafuta wachongaji wasiotajwa sana, chapa za shaba, yaani picha zilizochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, ni rahisi kuanza nazo. Bamba hukandamizwa kwa nguvu kwenye karatasi yenye unyevu, likaacha alama ya kingo zake. Chini ya picha mara nyingi huwa na majina mawili: kushoto la mchoraji, likifuatwa na “del.” (kifupi cha Kilatini, “alichora”), na kulia la mchongaji, likifuatwa na “sculp.” (“alichonga”). Soma la kulia kwanza.

Za mbao zinadai subira zaidi, nami ndizo nizipendazo. Mbao ngumu huchongwa kwenye uso uliokatwa kukingama shina, kisha huchapwa pamoja na herufi, ndiyo maana picha hukaa katikati ya maandishi ya kitabu. Jina, kama lipo, huwa herufi mbili zilizofichwa kwenye majani, au ni la karakana tu: sahihi “Dalziel” inafunika mikono ya wafanyakazi wengi. Thomas Bewick, mchongaji wa mbao wa Uingereza, anajulikana. Mwanafunzi wake Luke Clennell (1781–1840) hutajwa kwa nadra, na anastahili zaidi. Ukipata kitabu kizima, tafadhali usikate kurasa. Dibaji huweza kumtaja mchongaji ambaye picha yenyewe haimtaji.