Kitabu cha kozi kutoka Mwanjelwa: kushona wanajua, fomu yao irekebishwe

Kozi ya maofisa wa jeshi waliohitimu Monduli, chuo cha kijeshi kilichoko Arusha, ikitimiza miaka 25 au 30 tangu kamisheni, yaani tangu wapewe uofisa, kamati huanza kuulizana: nani yuko wapi, nani alifika cheo gani, nani ametangulia mbele za haki. Majibu hukusanywa kwenye kitabu, na mzigo wote humwangukia katibu. Kwa walioko Nyanda za Juu Kusini, ipo chapa, yaani duka la uchapaji, moja ndogo ya ghorofani Mwanjelwa, Mbeya, inayochukua kazi hii mwanzo hadi mwisho: kugawa fomu, kuskani picha, kupanga kurasa, kuchapa na kushona. Tathmini hii imetokana na vitabu vitatu vya kozi tatu tofauti, vyote vya mikono yao.

Ushonaji ni mzuri kweli. Kitabu ni cha A4, jalada gumu, karatasi ya gramu 130 isiyong'aa. Karatasi nne za A3 hukunjwa pamoja zikatoa kurasa 16, kila fungu hushonwa mgongoni kwa uzi, kisha mafungu huunganishwa na kupakwa gundi. Ukikifungua katikati kinalala mezani bila kushikiliwa, na uzi mweupe unauona kwenye mkunjo, matundu matano, umekazwa sawasawa toka juu hadi chini. Vitabu vya gundi tupu havifai kwa baridi yetu. Gundi ikikakamaa Juni na Julai, mtu wa Makete au Njombe akikifungua kwa nguvu mgongo unapasuka na kurasa zinadondoka mojamoja. Karatasi isiyong'aa nayo ina sababu yake: inayong'aa ikilowa unyevu wa masika ya Tukuyu, kurasa za picha hunatana, na ukizibandua wino unabaki upande wa pili.

Kabla hawajachapa, waulize nyuzi za karatasi zinaelekea wapi. Pinda karatasi kidogo kwa upana, halafu kwa urefu. Inapokubali kupinda bila ubishi ndiko nyuzi zinakolala, na mkunjo wa kitabu unatakiwa ufuate hapo. Kitabu kimoja kati ya vitatu kilikosea hilo, na picha ya gwaride iliyotandazwa kurasa mbili imepasuka wino mstari mzima, juu mpaka chini.

Kurasa zihesabiwe kwa 16. Kozi ya watu 84, kila mtu na ukurasa wake, ongeza kurasa 12 za utangulizi na picha za pamoja, unapata 96, mafungu sita kamili. Mkiongeza kurasa tatu za hotuba, mmeingia fungu la saba na mtalipia kurasa 13 tupu. Ni bora hotuba ipunguzwe. Ikishindikana, kurasa tupu ziachwe kwa ajili ya sahihi za mkono siku ya hafla.

Kwenye picha ndiko makatibu wengi hukwama. Picha ya pamoja ya miaka ya 90, sentimita 10 kwa 15, yenye watu sitini, uso wa mtu mmoja una kama milimita 4. Ikiskaniwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, uso huo unapata nukta 47 tu, na ukiukuza ni ukungu mtupu. Ikiskaniwa kwa dpi 1200 unapata nukta karibu 190, zinazotosha kuchapa uso wa sentimita 1.6 unaotambulika. Chapa hii ina skana ya kufanya hivyo, lakini kwa kawaida wanaiacha kwenye 300 kwa sababu ni haraka. Watajieni namba. Picha za simu nazo zitumwe WhatsApp kama dokumenti. Zikitumwa kama picha hupunguzwa ukubwa kabla hazijafika.

Lipo kosa moja hapo ambalo halivumiliki. Asiye na picha ya sare huvalishwa kwa kompyuta, kama studio zinavyovalisha watu suti kwenye paspoti saizi. Kiwiliwili ni kimoja kwa wote, na begani kina nyota tatu, za Kapteni. Matokeo yake, katika kitabu kimoja mtu aliyefariki akiwa Luteni, mwenye nyota mbili, amepewa ya tatu na fundi wa kompyuta. Mjane wake anaijua idadi ya nyota alizokuwa nazo mumewe. Andikeni kwenye mkataba kwamba hakuna kuvalishana sare. Asiye na picha ya jeshini awekwe na shati lake.

Fomu ndiyo inayopunguza alama zaidi. Ina nafasi nne: jina, cheo cha sasa, kituo cha sasa, simu. Maisha ya miaka 30 hayaingii humo. Wahitimu wa kozi moja hutoka siku moja, wote Luteni Usu, lakini baada ya hapo njia zinaachana: kuna wa mizinga, wa mawasiliano, wa Anga, wa Wanamaji, wa JKT. Wengine walipita Chuo cha Ukamanda na Unadhimu Duluti, wachache wakafika Chuo cha Taifa cha Ulinzi Kunduchi. Wengine walistaafu wakiwa Meja kwa kuwa umri wa mwisho wa kutumikia cheo hicho ulifika, na leo wana mipaina Mufindi au parachichi Rungwe. Fomu inayouliza cheo peke yake humfanya Meja huyo aonekane amebaki nyuma, na huo ni uonevu.

Chukua mfano ambao kila Mtanzania anaujua. Jakaya Kikwete alipita Monduli, akaondoka jeshini mwaka 1992 vyama vingi vilipoingia, akiwa Luteni Kanali. Kwa fomu hii angeandikwa "Lt Kan, alitoka 1992", na nafasi ingekuwa imekwisha. Urais wa 2005 hadi 2015 usingekuwa na pa kukaa.

Pelekeni fomu yenu wenyewe. Watapokea bila ubishi. Iulize jina wakati wa kamisheni na jina la sasa, maana maofisa wa kike walioolewa mara nyingi hutafutwa kwa jina ambalo halipo tena. Iulize fani au kamandi ya kwanza, vyuo na miaka yake, misheni za nje, namna ya kuondoka, kazi baada ya jeshi, na wilaya anayoishi. Kwenye namna ya kuondoka msikubali neno moja. Chapa huandika "alitoka jeshini" kwa kila mtu, wakati kustaafu kwa umri, kustaafu kwa ugonjwa, kujiuzulu na kuhamishiwa utumishi mwingine wa umma ni mambo manne, na kozimeti wanaotafutana wanahitaji kuyajua.

Misheni ziandikwe kwa jina na mwaka. "Kongo" haitoshi. Aliyekwenda na FIB, brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na waasi, mwaka 2013, ilipokuwa chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, alikuta vita na waasi wa M23. Aliyekwenda baadaye alikuta mambo mengine kabisa. Aliyeuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, tarehe 7 Desemba 2017 aandikwe hivyo, mahali na tarehe, kwamba aliuawa akilinda amani. Vitabu vyote vitatu vinasema "alifariki" kwa aliyeuawa kazini, kwa aliyeugua, na kwa aliyepata ajali barabarani.

Mpangilio nao uangaliwe kwenye prufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapa. Programu yao hupanga wasifu kwa cheo cha sasa. Marehemu hana cheo cha sasa, kwa hiyo katika kitabu kimoja marehemu tisa wameangukia mwisho kabisa, nyuma ya matangazo ya wafadhili. Agizeni kupanga kwa alfabeti ya jina la ukoo, wazima na marehemu pamoja, na alama ndogo ya msalaba au mwezi pembeni ya jina la marehemu kwa kadiri familia itakavyokubali. Habari za marehemu zithibitishwe na watu wawili: mmoja wa familia, mmoja wa kozi.

Namba ya utumishi, simu na kikosi cha sasa cha aliye kazini visichapwe kabisa. Picha iliyopigwa ndani ya kambi ikaonyesha majengo, magari au silaha iondolewe, hata kama ni ya zamani na nzuri. Walio kazini waombe ruhusa kwa wakuu wao kabla ya kujaza fomu. Kusubiri ruhusa kunaweza kula mwezi mzima, kwa hiyo anzeni huko.

Bei ni shilingi 42,000 kwa kitabu mkichapa nakala 100, na 65,000 mkichapa 30. Nusu hulipwa mwanzo. Wanaahidi wiki tatu. Hesabuni tano, kwa kuwa gundi ya jalada gumu inakauka polepole siku za ukungu, na wakiiharakisha jalada linapinda. Mizigo ya Iringa, Mafinga na Njombe huenda kwa basi. Vitabu vifungwe nailoni kwanza, ndipo viingie boksi, maana buti la basi hulowa.

Siku ya kuchukua mzigo, dai PDF ya mwisho pamoja na picha zote zilizoskaniwa kwenye flashi, na uzifungue palepale dukani kabla ya kumalizia malipo. Wao hufuta mafaili baada ya miezi mitatu.