TAHADHARI: Wanaoziuzia asasi "orodha za wachangiaji"

Ndugu zetu wa asasi za kiraia, akikufuata mtu WhatsApp au LinkedIn na faili la Excel lenye "barua pepe 50,000 za wachangiaji waliothibitishwa", usimtumie hela. Mchezo wao ni huu: unapewa sampuli ya mistari michache ambayo kweli ni mizuri, unalipa kwa namba binafsi ya simu, faili zima linakuja, na simu haipokelewi tena.

Lifungue hilo faili ulitazame. Kuna info@ na hr@ za mahoteli na mabenki, anwani ambazo hazina mtu wa kuchangia chochote. Shuka chini utakuta jina Juma limefuatwa na 81, 82, 83, 84, zote za Gmail. Hizo zimebuniwa na programu. Ikitokea moja ni ya kweli, mwenyewe hajawahi hata kuwasikia. Nyingine ni mitego ya wanaopambana na barua taka: haina mwenyewe, ipo kumnasa anayetuma bila ridhaa.

Hela ya faili ni hasara ndogo. Kinachouma ni domeni, yaani jina la asasi yenu mtandaoni, lile linalofuata @ kwenye barua pepe zenu. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma kwa wingi wasifikishe malalamiko asilimia 0.3, yaani watu 3 tu kati ya 1,000 wakiripoti barua yenu, mmeshafika. Domeni ikichafuka, hata ripoti ya mradi kwa mfadhili inaangukia kwenye taka, maana inatoka .or.tz ileile. Mnashtuka anapouliza mbona mko kimya.

Muuzaji atakwambia orodha "imesafishwa". Kusafisha kunaonyesha tu kwamba anwani inapokea barua. Ridhaa ya mwenyewe haionekani humo. Mdai vitu vitatu kwa kila mstari: tarehe mtu aliyojiandikisha, fomu aliyojaza, na maneno aliyokubali. Hana. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 (Kenya ni ile ya 2019) inakubana wewe unayetuma, hata kama uliuziwa.

Umeshanunua? Usilipakie popote, Mailchimp (huduma ya kutuma barua pepe kwa wingi) hawaruhusu orodha za kununua na akaunti inaweza kufungwa. Umeshatuma? Simamisha leo, futa anwani zote za faili hilo, kagua domeni kwenye Spamhaus (wanaoorodhesha watumaji wa barua taka) na Google Postmaster Tools (inayoonyesha Gmail inavyozipokea barua zenu), halafu kwa wiki kadhaa waandikie wale tu waliojiandikisha wenyewe na wanaofungua barua zenu, kwa mafungu madogo.

Kuna wanaosema "tutawatumia sisi", kisha wanaomba nywila ya akaunti au ya mahali mliposajili domeni. Msiwape. Kama mlishawapa, badilisheni nywila sasa hivi, washeni uthibitishaji wa hatua mbili, na mkague rekodi za SPF na DKIM (mipangilio ya domeni inayoonyesha nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu) kama hawajapachika seva yao humo.