Click, Clack, Moo: ng'ombe waliogoma, na jinsi ya kuwasoma kwa Kiswahili

Nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu niliyokata haimhusu mwandishi, nitaieleza huko mbele.

Ni kitabu cha picha cha kurasa 32 kilichotoka Marekani mwaka 2000. Maneno ni ya Doreen Cronin, ambaye wakati huo alikuwa mwanasheria, na michoro ni ya Betsy Lewin. Mwaka 2001 michoro hiyo ilitunukiwa Caldecott Honor, heshima ya Marekani kwa michoro ya vitabu vya watoto. Ng'ombe wa mkulima aitwaye Farmer Brown wamekuta taipureta kuukuu bandani na sasa wanamwandikia barua: usiku kuna baridi, tupatie mablanketi ya umeme. Anakataa. Wanabandika tangazo kwamba leo hakuna maziwa. Kuku nao wanaingia kwenye mgomo, mayai hakuna.

Mkono wa mwanasheria unauona wazi. Dai, kukataliwa, mgomo, kuungwa mkono, amri ya mwisho ya mwajiri, mjumbe, kikao cha dharura, makubaliano: mgogoro mzima wa kazi umepangwa hatua kwa hatua, ila wanaogoma wana kwato na manyoya. Wala hakuna mnyama anayezungumza na mkulima kwa mdomo. Kila kitu kinapita kwenye karatasi, na kichekesho chote kiko humo kwenye barua.

Ndiyo maana ukiwasomea watoto huku unatafsiri kutoka Kiingereza papo kwa papo, huwa inaharibikia hapo. Msomaji akigeuza barua neno kwa neno, anapata ng'ombe anayeomba blanketi, na mtoto anaitikia tu "ehee". Kinachochekesha ni ng'ombe kuandika kama afisa. Kiswahili tunayo lugha ya barua ya kiofisi ambayo hata mtoto wa darasa la pili ameshaisikia, basi itumike. Mimi barua ya kwanza naisoma hivi:

Ndugu Brown,
YAH: MABLANKETI YA UMEME
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Banda lina baridi sana usiku. Tunaomba mablanketi ya umeme.
Wako katika ujenzi wa taifa,
Ng'ombe

Kwa watoto wa Kenya badilisha YAH iwe KUH, na mwisho uweke "Wako mwaminifu". Ila usinogewe. "Husika na kichwa cha habari" iseme kwenye barua ya kwanza tu. Ukiirudia kwenye kila barua, kufikia ya tatu watoto wameshachoka na kitabu kimerefuka bila sababu. Barua za kitabuni ni za sentensi mbili tatu, ziache hivyo hivyo.

Sauti nayo ina kazi yake. Barua isomwe kwa sauti kavu ya karani, bila kutabasamu. Wengi wanakosea kwa kuzisoma kwa sauti ya ng'ombe, wanavuta "mooo" katikati ya maneno, na utani unakufa hapo hapo, kwa sababu ule utulivu wa barua ndio unaochekesha. "Moo" ina nafasi yake kwenye kiitikio cha mlio wa taipureta kinachojirudia kitabu kizima. Hapo nyamaza baada ya milio miwili, watoto wamalizie wenyewe. Mimi natumia "tik, tak, moo". Nakuonya mapema: usijaribu "taka, taka", watasikia takataka na hutawarudisha tena.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinaishinda nakala ya Kiingereza. Ng'ombe wanapofanya kikao, wanyama wengine wanakusanyika nje kutega sikio, lakini hakuna anayeelewa lugha ya ng'ombe. Sisi tuna kiambishi tayari: hakuna aliyejua Kimoo. Isome kama vile unavyosema Kihaya au Kikamba na uendelee mbele, usieleze chochote.

Kuna mahali pia ambapo Kiswahili kinakutega. Bata ndiye anayepeleka na kurudisha barua kwa kuwa hana upande. Usimwite msuluhishi, kwa kuwa hasuluhishi chochote. Ni mjumbe, na kwetu mjumbe hauawi, jambo linalomfaa sana kwa anayoyafanya baadaye. Makubaliano ni kwamba mablanketi yawekwe nje ya banda na Bata alete taipureta kwa mkulima. Asubuhi inayofuata mkulima hapokei taipureta. Anapokea barua nyingine: bwawa linachosha, tunaomba ubao wa kurukia majini. Kwa Kiingereza sahihi ya chini inaonyesha wingi, yaani bata wote sasa wanadai. Kwa Kiswahili ukisoma "Bata" tu, mtoto atadhani ni yule mjumbe peke yake, na nusu ya utani imepotea. Soma "Sisi mabata wa bwawani". Halafu usifunge kitabu. Jibu la ombi hilo limo kwenye picha ya mwisho, hakuna sentensi inayolisema. Wape watoto muda wa kuitazama kabla hujauliza chochote.

Maelezo ya vitu yatangulie kabla ya ukurasa wa kwanza, yasiingie katikati ya hadithi. Viko viwili. Taipureta: mashine isiyo na skrini, ukibonyeza kitufe kinapiga herufi kwenye karatasi papo hapo. Blanketi la umeme: blanketi lenye nyaya ndani zinazolipasha joto. Mtoto wa Makete au Limuru atakuelewa mara moja. Mtoto wa Tanga au Mombasa atashangaa nani anataka joto zaidi, kwa hiyo mwambie kwanza kwamba huko kwa akina Brown kuna majira ya theluji. Hayo yote ni dakika moja, na kusoma ni kama dakika kumi ukihesabu viitikio. Umri mzuri ni miaka minne hadi minane. Chini ya hapo wanafurahia mlio tu, mgomo hawauelewi.

Sasa ile nusu nyota. Barua zimechapwa kwa herufi za taipureta, kazi nzuri, lakini mtoto aliyekaa mstari wa tatu hazioni. Kwa zaidi ya watoto kumi na watano, ziandike kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila, barua moja kwa karatasi, uzibandike ukutani kila inapofika zamu yake. Toleo dogo la kurasa za maboksi ni gumu kuchanika na linafaa nyumbani kwa mtoto mmoja. Darasani halifai. Lenye jalada gumu ndilo kubwa na ndilo la kununulia shule.

Ukitaka kuendelea, tafuta Giggle, Giggle, Quack cha mwaka 2002, ambamo Bata amepata penseli na anabadilisha maagizo aliyoachiwa ndugu yake mkulima, Bob. Humo nguruwe wanaogeshwa kwa povu, ujue kabisa kama unasomea watoto ambao wazazi wao hawatapenda. Na maagizo yake usiyasome kiofisi: ni vikaratasi vya nyumbani, yasome kama mama anavyomwachia dada wa kazi ujumbe mlangoni.