Scrivener: programu inayompa mwandishi ujasiri wa kufuta

Scrivener, programu ya kampuni ya Literature & Latte iliyotoka mwaka 2007 kwa kompyuta za Mac na baadaye ikapata toleo la Windows, husifiwa zaidi kwa wingi wa vifaa vyake. Mimi naipima kwa jambo moja: je, humwezesha mwandishi kuandika rasimu mbaya bila hofu, kisha kuirekebisha bila majuto? Kwa kipimo hicho, sijaona zana inayoifaa kazi ndefu kuliko hii.

Mswada hapa haukai katika faili moja ndefu, bali hugawanywa katika vipande, na vyote huorodheshwa pembeni mwa skrini. Mwandishi ambaye tukio la sura ya tisa limemjia waziwazi, huku sura ya pili ikiwa bado gizani, huliandika tukio hilo kwanza na kulipanga mahali pake baadaye. Kila kipande huweza kuwekewa alama ya hatua kilipofikia, kuanzia rasimu ya kwanza, rasimu iliyorekebishwa, hadi rasimu ya mwisho, na hilo linaafiki ukweli ambao wengi hatuukubali kwa urahisi, kwamba sura za kazi moja haziivi kwa pamoja.

Lakini kinachoipa programu hii thamani yake ya kweli ni uwezo wa kuhifadhi kipande kama kilivyo kabla ya kukigusa. Mwandishi huhifadhi nakala hiyo kwa amri moja na kuipa jina. Nashauri liwe jina linaloeleza uamuzi, kwa mfano “Kabla ya kuiondoa barua ya baba”, kwa sababu tarehe peke yake haitamkumbusha chochote baada ya miezi miwili. Kisha anaweza kuifuta barua yote, kuandika upya aya tatu zilizoitegemea, na kuyalinganisha matoleo mawili huku programu ikimwonyesha kilichofutwa na kilichoongezwa. Akiona kwamba tukio limepoteza uhai, huirudisha barua mahali pake. Mara nyingi haoni sababu ya kuirudisha. Mtu akijua kwamba hakuna kinachopotea, hukata kwa mkono mwepesi, na ninaamini kwa dhati kwamba imani ya mwandishi katika safari ya uandishi hujengwa na usalama wa namna hii kuliko maneno ya kutiana moyo.

Siridhiki kwa kiwango hichohicho na sehemu ya malengo ya idadi ya maneno. Inafaa sana wakati wa rasimu ya kwanza, pale ambapo kazi ni kusonga mbele tu. Wakati wa kuhariri hupotosha, kwani siku ambayo sura imepunguzwa maneno mia sita na ikapata pumzi inaweza kuonekana kama siku iliyopotea. Afadhali kuizima kabisa sehemu hiyo mara rasimu ya kwanza inapokamilika.

Sehemu ya kuunganisha vipande kuwa hati moja ya kumpelekea mhariri ina machaguo mengi mno kwa anayeanza. Usiisubiri hadi usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho ndipo ujifunze. Wanaotumia simu za Android hawana toleo lao. Aidha, anayefanyia kazi mswada mmodi kwenye kompyuta mbili ni lazima aufunge katika moja kabla ya kuufungua katika nyingine, la sivyo matoleo yatagongana.

Kwa makala fupi au shairi, programu ya kawaida ya kuandikia inatosha. Mwenye riwaya, tasnifu au tawasifu aanze na kipindi cha majaribio cha siku 30, ambacho huhesabu zile siku tu programu imefunguliwa, hivyo hata anayeandika mara mbili kwa wiki atakuwa na muda wa kumaliza sura kadhaa, kuzihariri, na kujionea kama inamfaa kabla ya kulipa.