Pampu tatu za maziwa nilizotumia, na nilivyoilaumu moja bure

Jamani huu ni mwezi wa tano nakamua na nimeshapitia pampu tatu, ya mkono, ya umeme ya matiti yote mawili, na hii ya kuvaa ndani ya sidiria. Nadhani na mi nina la kusema sasa.

Ya mkono ndo nilianza nayo. Haina kelele, vipande vichache vya kuosha, inaingia kwenye pochi. Kama unashinda na mtoto na unakamua mara moja moja tu titi likijaa, hiyo inakutosha kabisa usidanganywe na mtu. Ila mi nlikua narudi kazini, kukamua mara tatu kwa siku kwa kuminya minya, baada ya wiki kifundo cha mkono kikavimba hata kumbeba mtoto ikawa shida.

Nikahamia ya umeme na hapo ndo nikachemka, maana niliangalia nguvu ya mota tu, nikajua inayovuta sana ndo inayotoa sana. Wapi! Siku ya kwanza nikaweka namba ya mwisho, nimeuma meno, dakika 20 nzima napata maziwa ya kulowanisha chupa tu, chuchu imetoka nyeupe afu ikageuka zambarau. Wiki mbili naitukana ile pampu, hadi maneno ya kuirudishia dukani nilishayapanga kichwani. Kumbe faneli bwana, kile kikombe cha koni kinachokaa kwenye titi! Iliyokuja kwenye boksi ni ya milimita 24, na nyingi zinakuja na hiyo hiyo au 28 utadhani wanawake wote tumetoka kiwanda kimoja. Nilipokuja kupima kwa rula, upana wa chuchu yenyewe sio ule weusi unaoizunguka, nikakuta 16. Kwa hiyo ilikua inanivuta na ule weusi wote unaingia ndani. Nikanunua vile vipande vya silikoni vya kupunguza saizi, nikaweka 17, na nguvu nikaishusha hadi katikati, maumivu yakaisha siku ileile na maziwa yakaanza kutoka kama mtu kafungua bomba. Pampu ileile, mota ileile. Afu pima kulia na kushoto, yanaweza yasilingane.

Kitu kingine nachoipendea ina mwendo wa aina mbili, kwanza inavuta harakaharaka na kidogokidogo kama mtoto anavyoanza kunyonya ili maziwa yashuke, afu ndo inavuta taratibu kwa kina. Inabadilisha yenyewe baada ya dakika mbili ila mi maziwa yangu mavivu, narudisha kwa kitufe.

Vali nazo, zile ndogo kama mdomo wa bata, zinalegea na pampu haivuti vizuri tena. Mwezi wa tatu nikaona maziwa yamepungua ghafla nikalia kabisa nikijua ndo yanakauka, nikabadilisha vali tu yakarudi. Nunua za akiba mapema.

Za mitumba mi hapana. Shosti wangu alinipa ya kwake ya zamani, ile ambayo haina kizuizi kati ya maziwa na mrija, nikaangalia ndani nikakuta ukungu na yeye masikini alikua hana habari. Vikombe utachemsha, ndani ya mota utaoshaje?

Hii ya kuvaa sasa. Ni raha, mikono yote huru, lakini uvutaji wake mdogo, na ukiinama tu kuokota kitu maziwa yote yanamwagika kwenye nguo, na ukishaivaa chuchu huioni vizuri kama imekaa katikati. Kuanza nayo kama pampu yako pekee sikushauri, hasa wiki za mwanzo ambapo maziwa bado yanajipanga. Mi naivaa nikiwa naanika nguo, siku nyingine iko kwenye droo.