Mfamasia anayekuja nyumbani: nyota moja, au labda nne

Nimekunywa chai kwanza ndiyo nikakaa kuandika, maana juzi ningeandika matusi.

Baba mkwe wangu alipigana Vietnam. Tunaishi naye huku Georgia, Marekani, na hospitali ya maveterani inatuletea timu nyumbani: daktari, nesi, mtu wa lishe, mwanasaikolojia, na mfamasia ambaye kazi yake ni kupitia dawa zote za mzee kila baada ya miezi kadhaa. Nesi ni malaika. Shida yangu ni huyo mfamasia.

Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, Baba alilazwa siku mbili hospitali nyingine, mkojo ulikataa kutoka. Akarudi na kidonge kipya cha tezi dume, terazosin, cha kumeza wakati wa kulala. Sasa Baba miaka nenda rudi anameza prazosin usiku kwa ajili ya ndoto za vita. Mimi si mtaalamu, ila majina hayo yalinitia wasiwasi, maana ukiyatamka unaona kabisa ni ndugu. Nikampigia mfamasia kabla sijampa mzee.

"Wewe unatoka wakala gani?" Ndiyo salamu niliyopewa, kama vile nimeletwa na kampuni ya wahudumu wa kuajiriwa. Nikamwambia mimi ni mke wa mwanawe. Kimya kidogo. Kisha: "Nitaongea na familia. Mwambie mwanawe anipigie." Akakata.

Familia! Na mimi ninayemwogesha je? Yaani lafudhi ya Tanga imeshanifanya mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba yangu mwenyewe. Najua kuna sheria za siri za mgonjwa, hawezi kumwaga habari kwa kila anayepiga. Lakini jina langu limo kwenye faili, Baba alisaini fomu mbele ya nesi. Angefungua tu aone. Mume wangu alikuwa safarini na lori, hapatikani. Karatasi ya hospitali ilisema kila usiku. Nikampa.

Saa nane usiku nikasikia kishindo koridoni.

Asubuhi nesi akampima presha amelala, akamsimamisha, akapima tena: 138, halafu 91. Dawa zote mbili zinalegeza mishipa, akanieleza. Zikikutana, mtu akisimama presha inaporomoka. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila jicho moja lilikuwa zambarau tupu. Na kinachoniuma kuliko vyote: mfamasia wa timu hizi ana mamlaka ya kusimamisha dawa mwenyewe. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kwenye simu ile ile!

Sasa sehemu ambayo inaniudhi kuiandika. Alikuja. Kesho yake, mwenyewe, akakaa kwenye meza ya jikoni, nikammwagia mfuko wa rambo mzima wa dawa. Akashika kopo moja moja, akasoma tarehe, akamhoji Baba taratibu mpaka mzee akakiri ana ibuprofen kwenye droo ya soksi. Mimi niliyefua soksi hizo miaka mitatu sikuijua! Kumbe anaimeza juu ya dawa ya presha, na figo ndizo zinazoumia. Ikaondoka. Terazosin nayo ikasimamishwa palepale. Akamfundisha Baba kukaa ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kusimama, wakafanya zoezi hilo mara tatu kama kwata. Saa moja na nusu nzima. Sijawahi kuona mtu wa dawa anafanya kazi namna ile, na nasema hivyo meno yakiwa yamekazana.

Akamwomba Baba radhi. Baba akaninyooshea kidole mimi. "Mwombe huyu." Akaniomba, macho kwenye makopo.

Nilikuwa nimeshaweka nyota moja. Nikafuta, nikaweka nne. Leo asubuhi simu imelia, ni yeye, anataka kujua presha ya jana. Ameanza hivi: "Naweza kuongea na mtu wa familia?"

Nimerudisha moja.