Nimetazama episodi tatu za kwanza za tamthilia ya Interview with the Vampire, wacha niseme nilichokiona

Kwanza kabisa mimi sio mtu wa vampaya. Wenzangu pale room walishamaliza zile za vampaya wa shule ya sekondari sizini zote, mi nilikuwa napita tu naenda kuchomoa simu kwenye chaji, hazikuwahi kunishika. Hii nimeianza kwa sababu moja, dada mmoja tunafanya nae kazi aliniambia inaanzia hapahapa Dubai, nikasema haya, hebu nione Dubai yetu wameifanyaje.

Niseme na hili mapema. Mimi nafanya laundri ya hoteli, shifti ya usiku. Basi la staff linatushusha alfajiri, tunaoga, tunalala, dirisha tumeliziba kwa foili na blanketi juu yake maana jua la huku likishachomoza halina huruma na mtu. Mwaka wa tatu huu naishi hivo. Nadhani ndo maana hii kitu imeniingia kuliko ilivyomuingia yule dada alienitajia, yeye yuko resepsheni ya mchana.

Sasa stori yenyewe. Ni mwaka 2022, corona bado ipo ipo, kuna mwandishi wa habari mzee anaitwa Daniel Molloy (anaigiza Eric Bogosian) anatumiwa mzigo, kufungua anakuta kaseti zake za zamani. Mwaka 1973 akiwa kijana San Francisco aliwahi kumhoji mtu aliyedai ni vampaya, mahojiano yakaharibika vibaya. Sasa yule yule vampaya, Louis de Pointe du Lac, anamuita Dubai wayarudie upya. Molloy anaenda, mzee mgonjwa, ana Parkinson, mkono unamtetemeka, lakini jamani huyu mzee hamuogopi mtu. Louis anasimulia kwa maneno matamu kama anasoma kitabu, Molloy anamkata katikati, anamwambia mbona kwenye kaseti ya zamani hukusema hivyo. Nimempenda kupita wote. Kila nikianza kuzama kwenye utamu wa maneno ya Louis yule mzee ananivuta shati nirudi, nijiulize kama hiki ninachoambiwa ni kweli au ni mtu anajitetea.

Alafu tunarudishwa New Orleans mwaka 1910. Louis hapo bado binadamu, kijana mweusi wa familia ya Krioli, hawa walikuwa watu weusi wenye asili ya Kifaransa, Wakatoliki, wengine mababu zao walikuwa huru hata kabla utumwa haujakomeshwa. Baba kafa, mali imekwisha, Louis ndo anabeba nyumba nzima. Mama, dada yake Grace, mdogo wake Paul. Na anawabeba kwa pesa ya madanguro kule Storyville. Storyville sio ya kutunga, ulikuwa mtaa wa kweli, serikali ya jiji iliutenga mwaka 1897 kwa ajili ya biashara hiyo, ukaja kufungwa 1917 vita vya kwanza vya dunia vikiwa vinaendelea, jeshi la majini la Marekani ndo lilisukuma ufungwe. Jazz nayo ilikua sana humo ndani ya zile kumbi, hadi Jelly Roll Morton yule mpiga kinanda wamemuweka, episodi ya tatu.

Waliosoma kitabu cha Anne Rice cha 1976, au walioona ile muvi ya 1994 ya Brad Pitt na Tom Cruise, watajua Louis wa kule ni mzungu mwenye shamba na watumwa. Huku wamembadilisha akawa mtu mweusi, karne imesogea. Nimeona kuna watu hawajapenda. Mi naona ndo kilichoifanya isimame. Mzungu tajiri akiwa na huzuni ya milele mi ntamuonea huruma kiasi tu. Lakini mtu aliyevaa suti nzuri kuliko wote mezani, mwenye akili kuliko wote mezani, anacheza karata na madiwani wanaomuita kwa majina ya dharau na yeye anatabasamu kwa sababu leseni yake iko mfukoni mwao, huyo namjua. Mimi na huyo tunaonana kila siku.

Na hapo hapo mezani ndo Lestat, vampaya atakaekuja kumgeuza Louis (anaigiza Sam Reid, jamaa ni Muastralia), anafanya kitu kilichonifanya nikae kitako. Anasimamisha kila mtu, mkono hewani, moshi hewani, alafu anaongea na Louis peke yake ndani ya kichwa, anamwambia hawa watu wanakudharau, unastahili zaidi. Uongo mwingi huwa unaanza na neno la kweli namna hii. Hakuna aliyewahi kumwambia Louis maneno hayo, akaja mtu mmoja akayasema, na mtu huyo akawa mnyonya damu. Baadae nimejifunza kitu kingine kwenye hii hadithi kikanichoma, kwamba vampaya akishakugeuza wewe, hamuwezi tena kusikiana mawazo. Yani alimpata kwa kumsikia moyoni, na alipompata tu akaacha kumsikia.

Sasa nije kwenye kile kipande nilichokirudia mara tatu. Paul, mdogo wake, ni mtu wa dini sana na kichwa chake hakiko sawa, anahubiri nje ya madanguro ya kaka yake. Mapema tu mwanzoni Louis anamtolea kisu mbele ya watu barabarani, ndugu yake wa damu, ili watu wa mtaa wasione kwamba yeye ni laini. Unaona usoni kwamba kinamuuma. Baadae inakuja harusi ya Grace, watu wamevaa, Louis na Paul wanacheza pamoja mbele ya wageni, miguu inagonga sakafu kwa mdundo mmoja, wanacheka kama watoto, ukiwaona unasema yameisha. Alfajiri yake wako juu ya paa wanasubiri jua. Wanaongea vitu vya kawaida tu, maneno ya ndugu waliolala kitanda kimoja utotoni. Jua linatoka. Na Paul anatembea anaenda mbele, anashuka toka paani, anakufa. Hakuna muziki wa kukuandaa wala kelele, anaondoka kama mtu anaeshuka ngazi.

Simu ilikuwa kifuani, sikujua nimekaa mdomo wazi mpaka ruumeti wangu wa kitanda cha chini akaniuliza vipi.

Alafu mama. Mama anamuuliza Louis ulimwambia nini. Huyu ndie analipa kila kitu ndani ya ile nyumba, harusi yenyewe ni pesa yake, na bado swali la kwanza la mama ni hilo. Hapo niliweka simu chini kwanza. Sitaeleza ya kwetu hapa ila anaetuma pesa nyumbani kila mwezi ananielewa, unaweza ukawa ndo nguzo na bado ukawa ndo wa kwanza kuulizwa nyumba ikitikisika.

Jacob Anderson anaemcheza Louis (wengi mtamkumbuka Grey Worm wa Game of Thrones) kwa kweli anajua. Angalia sauti yake, hiki kitu usikipite. Louis wa 1910 anaongea na ile lafudhi ya nyumbani, maneno yanavutwa, yana moto. Louis wa Dubai kila neno limepigwa pasi, hakuna mahali ametoka, hakuna mtaa ndani ya sauti. Alafu akikasirishwa na Molloy kidogo tu, ile ya zamani inachungulia. Mwezi uliopita mama yangu aliniambia kwenye simu siku hizi unaongea kama watu wa huko, Kitanga chako kimeenda wapi mwanangu. Nilimwambia hakijaenda popote. Baada ya kumuona Louis sina uhakika kama nilimjibu kweli.

Episodi ya pili kuna sehemu anaenda kusalimia kwao akiwa ameshageuzwa, anapewa mtoto mchanga wa dada yake ampakate. Anampenda yule mtoto, unaona kabisa anampenda, na njaa inakuja hapo hapo kwenye mapenzi. Nilikuwa naomba kimya kimya mrudishe, mrudishe kwa mama yake. Anakimbia. Kuanzia hapo nikajua hii sio hadithi ya kutisha kwa maana ya kurukiwa na kitu gizani. Kinachotisha ni mtu kuwa hatari kwa wale wale anaowahangaikia.

Kidogo nitoke nje ya mada. Kwetu sisi tumelelewa na mumiani. Bibi yangu Tanga alikuwa anatutisha nazo, enzi za Mwingereza, gari la wazimamoto linapita usiku, ukikutwa peke yako umechukuliwa, damu inatolewa inakwenda kuwa dawa. Stori hizi zilikuwepo Kenya hadi Uganda pia, wengine wanasema chinjachinja. Ukilinganisha, mnyonya damu wetu hakuwa na meno wala sura nzuri wala hakukupenda. Alikuwa na gari, na sare, na mwajiri. Alikuja kuchukua damu yako kwa ajili ya mtu mwingine ambae hutakaa umuone. Nikiwa naangalia Lestat anavobembeleza nikawa nawaza, bibi angemuona huyu angesema huyu mbona ana muda wa kuongea hivi. Ila pia nikawaza wale madiwani wa mezani, wenye leseni na mikataba, bibi asingehitaji kuelezwa wao ni nani.

Yasiyonipendeza yapo. Mwisho wa episodi ya kwanza ndani ya kanisa, Lestat anaua mapadre kwa namna ambayo mi nimeona imezidi. Mimi ni muislamu lakini nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada, na mtu amekuja kutubu akiwa amefiwa na mdogo wake, unyama ule mbele ya madhabahu nilifumba macho. Najua walitaka tuone Lestat ni nani chini ya ile suti. Nusu ya damu ile ingetosha.

Lugha nayo ni nzito. Kiingereza chao ni cha kishairi, Lestat anachanganya na Kifaransa, ukikosa sentensi moja umekosa jambo. Mimi nilitegemea saptaito, na app niliyotumia saptaito zilikuwa zinachelewa sekunde kadhaa, mtu ameshakufa ndo maneno yake ya mwisho yanatokea chini. Nilifuta nikainstoo upya, ikawa hivyo hivyo, niliandikia huduma kwa wateja hawajanijibu mpaka leo na hela ya mwezi wameshakata. Ukiweza tafuta pa kuangalia ambapo maneno yanakwenda sawa na mdomo, kwa tamthilia hii ni muhimu kuliko picha kuwa safi.

Na mjue kabisa Louis na Lestat ni wapenzi, wanaume wawili, haijafichwa, ipo wazi kuanzia episodi ya kwanza na kuna vipande vya chumbani. Nasema ili mtu aamue mwenyewe kabla hajaiweka sebuleni na wazazi na watoto wamekaa. Sio ya watoto kabisa, damu peke yake inatosha kuizuia.

Kuhusu Dubai niliyoifuata, wala haionekani sana. Unaona ghorofa ya juu kabisa, kimya, vitu vya gharama, watumishi wanaotembea bila sauti, wengine ndo chakula chenyewe, wanajitolea shingo kwa hiari. Nilitegemea nitacheka nikiona mahali ninapopajua. Badala yake nilikuwa nawaangalia wale wanaobeba sahani. Yule Rashid anaesimama nyuma ya Louis (Assad Zaman) hazungumzi sana lakini kamera haimuachi, na mimi kwa uzoefu wa kazi hizi nasema mtu anaesimama vile anajua kila kitu cha ile nyumba. Kama ninakosea mtaniambia nikifika mwisho, sio sasa.

Sizini ya kwanza ina episodi saba, ilitoka Oktoba 2022, ya pili nane, 2024. Mi nimeishia pale Storyville inawaka moto na Louis anamtoa yule binti, Claudia, kwenye nyumba inayoungua, na roho yangu inaniambia anachotaka kumfanyia ili asife sicho. Off yangu ni Jumatano. Nitailala mchana wote kama kawaida, nikiamka naendelea, na walioimaliza naomba kuhusu huyo mtoto msiniambie chochote.